Chai Aliyoifunika Bitutu

Watu wa hapa Roret wakikuambia kwamba Jerusa, mama yake Weldon, ana mdomo, usibishane nao. Ninao. Nimezaliwa nao na nimezeeka nao, na miaka minne mizima niliutumia kumcheka mwanamke mmoja anayeitwa Bitutu. Leo nataka kuutumia kumsifu, maana nikinyamaza sasa nitakuwa mbaya kuliko nilivyokuwa.

Bitutu ni Mkisii. Anachuma chai katika shamba langu, ekari moja na kidogo, na anakaa kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko na watoto wake wawili, Vivian na Antony. Bwana alienda zamani, na mambo ya bwana tuyaache. Ni mchumaji kweli kweli: majani mawili na kichomozo, haweki bua, haweki jani zee. Lakini jioni, akishapeleka majani kwenye kituo cha kupimia, hakuwa akienda nyumbani moja kwa moja. Lazima apite pembeni mwa shamba, kule kwenye mtaro, ameinama. Anachuma managu, ile mboga ya mnavu, yaliyojiotea, anachuma majani ya malenge, anaokota mapera yaliyoanguka.

"Wewe Bitutu," nilikuwa namwambia, "ng'ombe wangu akikosa kitu cha kula, nitajua ni nani amemtangulia."

Anacheka tu. "Asante kwa mboga, Mama Weldon." Anaenda zake.

Siku ya soko ilikuwa vile vile. Wenzake wananunua omena, wale dagaa wakavu, kwa Adongo, yule mama anayeleta samaki kutoka upande wa ziwa. Bitutu anangoja mpaka gunia linaisha, halafu anauliza vile vipande vilivyobaki chini, vilivyovunjika vunjika, ambavyo Adongo anauza kwa bei ya kutupa. Mimi napita hapo na kikapu changu, nimenunua mkate, mafuta ya kupikia na sukari kilo mbili, najiona mtu amejiweza. Natikisa kichwa. Maskini, nasema, angalia anavyolisha watoto takataka.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniuma kwake, nacho ni chai. Nyumbani kwetu mtu akiingia anapewa chai. Haulizwi. Nachemsha majani yetu wenyewe na maziwa ya ng'ombe wangu mpaka inageuka rangi ya tope, na sijawahi kusikia mtu akilalamika. Sasa wachumaji wakija kula saa sita, Bitutu anakula chakula chote vizuri, lakini kikombe anakisukuma kando. "Nitakunywa baadaye, Mama Weldon." Miaka minne! Utando umeshaganda juu, na yeye bado baadaye. Nikasema moyoni, huyu ana maringo, na mtu wa maringo nitampata siku moja.

Mwaka jana mke wa Weldon, Dorine, akapata mimba ya kwanza. Weldon ni askari wa kulinda majengo huko Nakuru, anatuma kidogo anachoweza, na bonasi ya chai ilikuwa imekuja kidogo sana, kwa hiyo tulikuwa tunahesabu kila kitu. Dorine alienda kliniki, akapimwa damu, ikawa nane pointi sita. Nesi anayeitwa Mellen akasema inatakiwa kumi na moja, akampa vidonge vya kuongeza damu.

Nilishtuka, sitadanganya. Dada yangu mdogo alikufa akizaa. Alitokwa na damu, na hakuwa na damu ya kutoka. Nilikuwa nimemshika mkono. Kwa hiyo niliposikia habari ya damu kidogo nilianza kumpigania Dorine kama mwendawazimu. Nilinunua juisi nyekundu ya chupa. Nilinunua soseji nyekundu. Tulikosa mafuta ya taa kwa ajili ya ile juisi. Na kila asubuhi mimi mwenyewe nilimpelekea kidonge chake kitandani na kikombe cha chai moto.

"Meza, iteremke vizuri," namwambia. Dorine anameza. Msichana wa heshima sana huyo, hajawahi kunijibu.

Mwezi uliofuata damu ilikuwa saba pointi tisa. Imeshuka! Mellen akaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kitabu cha kliniki: mwezi ujao isipofika tisa, Dorine apelekwe hospitali kubwa akaongezwe damu, na watu wa nyumbani tuanze kutafuta wa kutoa. Nilirudi na kile kitabu nimekikunja kifuani.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuchuma. Saa sita wachumaji wakakaa jikoni, nikapakua ugali na sukuma wiki. Dorine alikaa pembeni. Siku hiyo asubuhi alikuwa ametapika, kwa hiyo kidonge alikuwa ndiyo anakimeza wakati huo, na mimi nimemimina chai yake tayari. Nikamimina na ya Bitutu. Akaisukuma kando.

Nikalipuka. "Kwani chai yangu ina sumu? Unachuma chai yangu, unapokea pesa ya chai yangu, lakini kunywa hutaki! Wewe ni nani?"

Bitutu alikuwa anamwangalia Dorine, na Dorine alikuwa na kidonge kwenye ulimi na kikombe karibu na mdomo. Bitutu akasimama, akavuka jiko langu, akaweka kiganja chake juu ya kile kikombe. Akakifunika. Mchumaji wangu, ndani ya jiko langu, amefunika chai ya mke wa mwanangu. Wote waliacha kutafuna.

"Maji," akasema. "Mpe maji, Mama Weldon. Chai inakula hiyo dawa. Inakula na mboga pia. Chakula kikishuka, ikae saa nzima, ndipo anywe."

Nilimwambia atoke. Nilimwambia na maneno mengine ambayo sitayaandika hapa. Alichukua kikapu chake, akatoka bila kelele, na chai ya Dorine ikabaki mezani.

Lakini maneno yake yalinikalia. Asubuhi nikaenda kliniki peke yangu, nikamkuta Mellen anafungua mlango. Nilitaka aniambie Bitutu ni mwongo, nirudi nimtukane vizuri. Nikamwuliza kama ni kweli chai inaharibu vidonge vya damu.

"Ni kweli, mama," akasema. "Inazuia damu isichukue nguvu ya dawa na ya mboga. Lakini hayo Dorine anayajua. Nilimwambia siku ya kwanza kabisa, akaniitikia."

Sijui nilifikaje nyumbani. Dorine alikuwa anapepeta maharagwe nje. Nikamwuliza, "Ulijua?"

Akainamisha kichwa. "Nilijua, mama."

"Sasa mbona ulikunywa?"

"Ningekataaje? Ilikuwa chai yako, na ulikuwa umeileta kwa mkono wako." Halafu akasema polepole, "Niliogopa utakasirika."

Jamani. Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Msichana alikuwa tayari kuingia kwenye uzazi bila damu, kuliko kuniambia mimi, Jerusa, hapana. Na mtu mmoja tu katika nyumba yangu ndiye alikuwa na ujasiri wa kuniambia, na huyo nilikuwa nimemfukuza.

Jioni hiyo nilienda nyuma ya soko. Sikuwa nimewahi kuingia kwa Bitutu hata siku moja. Alinifungulia mlango, akanivutia kiti, hakuniuliza nimefuata nini. Alikuwa anapika. Nikamwambia, "Nimekuja kukuomba msamaha, na nimekuja unifundishe." Sentensi hiyo ilinitoka kwa shida kuliko mtoto wangu wa kwanza.

"Basi angalia," akasema.

Nikaangalia. Mungu wangu, nimepika miaka arobaini na nilikuwa kama mtu anayeona moto kwa mara ya kwanza. Managu yale yale ya mtaro wangu aliyachemsha kidogo tu, hakuyaua, akayakaanga na kitunguu na nyanya mbili. Zile takataka za Adongo alikuwa amezichambua mchanga, akazikausha na kuzisaga. Akachota vijiko viwili akatia ndani ya maharagwe. Ugali ulikuwa wa wimbi, yaani ulezi, uliochanganywa na mahindi. Akakata ndimu nusu, akaikamua juu ya mboga. Halafu akagawa mapera, ambayo nilikuwa nikiyaacha yaoze. Vivian na Antony walikula, na nikawatazama vizuri kwa mara ya kwanza: meno meupe, macho maangavu, ngozi inang'aa. Nilijaribu kujumlisha kilichotoka mfukoni mwake kwa chakula kile chote. Haikufika bei ya chupa moja ya juisi yangu nyekundu.

"Ni nani alikufundisha?" nikauliza.

Akakoroga sufuria kwanza. "Kabla ya Vivian kulikuwa na mwingine. Nilikuwa nachuma kule kwenye mashamba makubwa, nakula ugali na chai, asubuhi, saa sita, jioni. Chai ilikuwa ya bure. Damu ikaisha. Mtoto hakulia." Akafunika sufuria. "Nesi akaniambia baadaye, wakati haikunisaidia tena. Chai siichukii, Mama Weldon. Imesomesha watoto wangu. Lakini nikiwa nakula, ingoje."

Mwanamke huyu anashika majani ya chai kutoka asubuhi mpaka mikono inageuka myeusi, na kila siku anakumbuka. Na nilikuwa nimekalia kumcheka kwa managu! Nilitamani ardhi inimeze, lakini pia nilijisikia nimebahatika kukaa kwenye kile kiti.

Kuanzia siku hiyo Bitutu alipika kwangu siku tatu kwa wiki, na siku nyingine nilipika mimi na yeye ananisahihisha. Sikununua tena soseji. Kidonge kilimezwa kwa maji na ndimu, na mimi ndiye nilikuwa askari wa saa: chai haikuingia jikoni kabla saa nzima haijaisha, hata mchungaji alipokuja alingoja. Adongo alianza kuniwekea vipande vyangu. "Hata wewe, Mama Weldon?" akasema akicheka. Nikamwambia apime, aache maswali.

Mwezi uliofuata damu ilikuwa tisa pointi mbili. Halafu kumi pointi moja. Wiki ya thelathini na sita, Mellen aliangalia mashine, akapima tena kwa sababu hakuamini, akasema kumi na moja pointi tatu. Nilipiga kigelegele ndani ya kliniki mpaka nikaambiwa ninyamaze.

Dorine alijifungua mchana hospitalini, mtoto wa kike. Na baada ya mtoto, damu ikaanza kutoka. Nilikuwa nje ya mlango, nikaona manesi wakikimbia, nikaona shuka inatolewa, na nikajua ile rangi. Nilishika ukuta, nikaita jina la dada yangu kwa sauti. Walipambana naye kama nusu saa. Halafu nesi mzee akatoka, anajipangusa jasho, akasema imesimama.

"Amepoteza nyingi," akaniambia, ameshika kile kitabu cha kliniki. "Lakini alikuja nazo. Angekuja na ile damu iliyoandikwa hapa nyuma kwa kalamu nyekundu, mama, leo tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Nilimwona Dorine amelala, mweupe mdomoni, anapumua. Mtoto alikuwa anatafuta ziwa kwa hasira. Huyo amenichukua mimi, nikasema, na Dorine akacheka kidogo.

Kesho yake saa sita nilichemsha chai. Nilitia maziwa yote ya asubuhi na majani mazuri kabisa, nikajaza chupa kubwa, nikaenda nayo mpaka nyuma ya soko. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Bitutu alifungua mlango, na nyuma yake mezani nikaona sahani ya managu imefika nusu.

"Mtoto yuko?" akauliza.

"Yuko. Na mama yake yuko."

Akafunga macho kidogo, halafu akanivutia kiti. Nikakaa. Chupa ya chai nikaiweka mapajani, nikaishika kwa mikono miwili, na sikuifungua. Bitutu akamaliza kula polepole, akaosha sahani, akapanga mboga za jioni, tukiongea habari za mtoto. Joto la chupa lilikuwa linapenya kwenye nguo yangu. Saa nzima nilikaa hivyo.

Ndipo akaleta vikombe viwili, akaviweka mezani mbele yangu.

"Sasa, Mama Weldon," akasema. "Mimina."

Nikamimina, na akanywa kikombe chote.