Maji Niliyowapelekea Wang'oa Reli

Juzi vijana wapimaji wamepita nyuma ya nyumba yangu, hapa Songea, njia ya Namtumbo, wakapigilia vigingi katikati ya mahindi yangu. "Shikamoo bibi, reli itapita hapa." Marahaba. Hiyo reli naisikia tangu nanyonyesha mtoto wangu wa kwanza, na huyo mtoto sasa ana mvi. Mjukuu wangu akadakia eti kusini hakujawahi kuwa na treni. Nikamwambia nyamaza, mimi nimekula moshi wake.

Ngoja nikueleze, mwenzangu, ila shule niliishia darasa la pili, nikipotea njia univumilie. Baba yangu, Mngoni wa hapa, alikwenda pwani kukata mkonge, akaoa hukohuko, nami nikalelewa na bibi mzaa mama, Mikindani. Mji wa zamani ule, nyumba za mawe, milango mizito. Stesheni yake sasa! Kibanda cha bati, benchi moja, na kipande cha reli kimening'inizwa kuwa kengele. Bibi alikaanga samaki, mimi natwanga pilipili. Mpaka leo nikisikia harufu yake macho yananiwasha. Kengele ikilia tunakimbia na sinia. Abiria wananyoosha mikono madirishani, "Mama, na huku! Mimi kichwa!" Bibi anajibu, "Kichwa unacho, tafuta akili." Samaki hata mmoja harudi nyumbani, na hicho ndicho kilichotuvika.

Siku moja treni ikaja bila abiria, imejaa wanaume wenye mitaimbo. Inasogea kidogo kuelekea bandarini, wanang'oa reli za nyuma yake, wanapakia, inasogea tena. Jirani yetu mjuaji akasema wanatoa mbovu, wataleta mpya. Tukashangilia! Bibi akawagawia samaki bure. Mimi nikawapelekea maji kwa kata, nenda rudi, jua kali. Hata kile kipande cha kengele walikuwa wamekisahau. Niliyewaonyesha ni mimi. "Ahsante binti, umetusaidia sana." Nikavimba kichwa wiki nzima.

Mpya haikuja. Bibi aliendelea kukaanga, sinia likawa linarudi limejaa, tukala samaki mpaka tukawachukia. Baba akaamua turudi Songea. Bibi alikataa kuhama. "Treni ikirudi nitapanda, nije nikuone." Treni yenyewe Songea haikufika hata siku moja! Nani angemwambia? Alikufa akiisubiri, na habari ilinifikia arobaini imeshapita.

Naudhika, sikufichi. Stesheni imekwenda, bibi amekwenda, na aliyebaki kukumbuka anaambiwa ameota.

Basi juzi mmoja wa wale wapimaji akaniomba maji ya kunywa. Nikaingia ndani, nikashika kikombe, nikasimama nacho. Nikakirudisha, nikatoka mikono mitupu.

"Bomba lile pale, mjukuu wangu. Kinga mwenyewe."

Jirani anasema nina roho mbaya. Aseme. Maji yangu ya watu wa reli niliyamaliza Mikindani.