Mtoto Mgongoni mwa Baba

Mwanangu Lado, keti. Chai utakunywa baadaye. Kuna Jumapili moja ya ujana wangu ambayo nataka uisikie leo, kwa sababu nimekasirika, na nikikasirika bila kusema sipati usingizi. Tangu kaka yangu afariki, mimi ndiye baba uliyebaki naye, kwa hiyo utanivumilia.

Jana nilikwenda Gudele kumjulia hali mkeo. Poni bado anatembea akishika ukuta tangu alipopasuliwa wakati wa kujifungua. Akaniuliza, "Baba, mchungaji anaumwa nini? Lado amesema hakuja kubatiza." Mchungaji huyo nilimwona kwa macho yangu, amebatiza watoto mpaka sauti ikamkauka. Baadaye nikasikia yaliyotokea. Ulifika kanisani Jumapili na mtoto wenu Mariamu mgongoni, umemfunga kwa kitenge cha mama yake, vijana waliosimama langoni wakakucheka, ukageuka ukarudi nyumbani. Kisha ukamsingizia mtumishi wa Mungu ugonjwa.

Hasira yangu si kwako peke yako. Wale vijana ndio walioniudhi hasa. Wanaimba kwaya, wanapiga kinanda, wana mistari ya Biblia kichwani, lakini wakimwona baba amembeba mtoto wake wanamcheka kama mwizi aliyekamatwa ameshika kuku wa jirani. Na hao hao kesho watashika kipaza sauti watuambie Mungu ni Baba. Baba wa namna gani wanayemjua?

Nilikuwa na umri kama wako. Tulikuwa tumerudi Juba kutoka Kenya si muda mrefu, tunakaa Nyakuron, mimi na mama Yohana, na Yohana mwenyewe, huyu ambaye siku hizi ana ndevu, alikuwa anaota meno ya kwanza. Mama yake akashikwa na malaria. Jumapili hiyo ilikuwa ya ubatizo, na siku zile mchungaji alikuja kwetu kwa nadra sana. Mama Yohana akaniambia akiwa kitandani, "Nenda naye. Usiningoje." Sasa, mtoto huyo ukimbeba mikononi alilia mpaka majirani wakatoka nje. Mgongoni alinyamaza. Nikamfunga kwa kitenge cha mama yake, nikaenda kwa miguu, maana kwenye boda niliogopa.

Njiani akina mama wauza chai walinitania, wakauliza kama na kunyonyesha nimeanza. Nilicheka nao, na mmoja akampungia Yohana mkono. Utani huo haukuniumiza hata kidogo.

Kanisani ilikuwa habari nyingine. Wanaume walikaa upande wa kulia, wanawake kushoto, na mlangoni alisimama kijana wa kukaribisha watu, naye amekulia Nairobi, shati limepigwa pasi vizuri. Akaniwekea mkono kifuani, nikamwambia mama wa mtoto anaumwa.

"Brathe, toa hiyo kitu kwa mgongo," akasema. "Peleka mtoto kwa wamama, ama ungoje bibi yako apone."

Wanaume wa mabenchi ya nyuma wakageuka, wakaangua kicheko. Uso uliniwaka kwa aibu. Nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma, mguu mmoja uko nje, nilipomwona Haboba Tabitha akiinuka upande wa wanawake. Haboba alikuwa nyanya wa kanisa zima. Aliishi uhamishoni Uganda miaka mingi, na mtu akikosea wimbo alimkemea mbele ya watu wote. Nikajua nimekwisha.

Akaja na fimbo yake, polepole. Akanizunguka, akatazama mgongo wangu.

"Wewe hapana jua kufunga," akasema. "Mtoto iko nateleza. Kichwa yake imeshuka mpaka chini."

Hilo tu ndilo kosa aliloliona kwangu. Akamkabidhi kijana wa mlangoni fimbo amshikie, akaniinamisha, akamvuta Yohana juu, akakaza kitenge na kukifunga kifuani mpaka nikapumua kwa shida. Ndipo akawageukia wanaume.

"Nyinyi yote nacheka," akasema. "Mtoto nataka kuanguka, nyinyi naona, nyinyi nacheka. Nani amenyosha mkono?"

Kijana wa mlangoni alibaki na ile fimbo, hajui aiweke wapi. Mimi nikapita katikati mpaka mbele. Maji yalipomgusa Yohana akapiga kelele, na Haboba akasema Amina kabla ya mchungaji.

Tangu siku hiyo, nikisikia watu wanamcheka mzazi, macho yangu yanamtafuta mtoto kwanza. Wewe Jumapili ulijitazama wewe mwenyewe, mwanangu. Uliwatazama na wao. Mariamu, ambaye siku ilikuwa yake, hakuna aliyemtazama.

Kwa hiyo nakuagiza hivi. Leo ukifika nyumbani mwambie Poni ukweli. Atakasirika, na ana haki, nawe utapika chakula cha jioni bila kunung'unika. Usimfundishe mtoto kumwogopa Mungu huku wewe unaogopa vijana wa langoni. Ukitaniwa, cheka nao. Ukidharauliwa, pita uingie ndani, kwa sababu kanisa hilo si mali yao. Mchungaji hajaondoka Juba, na Jumapili hii anabatiza tena. Mimi nitakuwa langoni kabla hao mabwana hawajafika, na atakayecheka nitampa fimbo yangu aishike.

Mungu akutie nguvu mgongoni na ukweli mdomoni. Amponye Poni aachie ukuta atembee mwenyewe. Na Mariamu akue akijua kwamba baba yake hakuwahi kumwonea haya.

Sasa simama. Kitenge cha mama Yohana kile pale kwenye kamba. Chukua, nionyeshe unavyofunga.