Mzambarau wa Komarock

Kwa karibu miaka miwili, Jumamosi zetu ziliishia kwenye nyumba za watu. Mimi na mume wangu tulikuwa tukitafuta nyumba ya kununua. Tulikuwa tumepanga mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, ghorofa ya tatu karibu na jalala, na upepo ulipogeuka tulikuwa tukifunga madirisha yote ili moshi wa taka usiingie, maana binti yetu ana kifua kibovu. Mimi ndiye niliyeshikilia kwamba hatutanunua nyumba yoyote tu, tutanunua nyumba isiyoharibu mazingira. Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari na nasimamia chama cha wanafunzi cha mazingira. Niliona aibu kuhubiri darasani mambo nisiyoyafanya nyumbani.

Mawakala walituonyesha vituko. Mmoja alituahidi jengo la kijani, na kweli tulipofika lilikuwa limepakwa rangi ya kijani. Nilipomuuliza maji ya mvua yanaenda wapi, akatazama paa, akatazama chini, akasema, "Yanaenda tu."

Habari za nyumba ya mtaa wa Komarock tulizisikia kanisani. Mwenyewe alikuwa mama mjane, aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo huko Baba Dogo na sasa alitaka kurudi kwao magharibi. Tulienda na binti yetu mwezi wa pili, saa nane mchana, jua likiwa kali. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, lakini kulikuwa na tangi kubwa la maji ya mvua, na maji ya kuogea yalielekezwa kwenye sukuma wiki na migomba nyuma ya jikoni. Upande linakotua jua palisimama mzambarau uliolipita paa. Tulipoingia sebuleni kulikuwa na ubaridi mtamu hata nikavua viatu nikanyage sakafu.

"Huo mti aliupanda mzee wangu mwaka tuliohamia hapa," mama alituambia akitumiminia chai. "Kuna mtu mwingine anaitaka nyumba, na ametoa bei kubwa kuliko yenu. Lakini anataka kubomoa ajenge ghorofa za kupangisha. Nyinyi mti mtaufanya nini?"

Nilijibu kabla mume wangu hajafungua mdomo. "Mama, mti hautaguswa. Hayo ndiyo mambo ninayofundisha."

Akaniongezea chai. "Basi nitawapa nyinyi, mwanangu."

Tukahamia mwezi wa nne, na mvua ikatuonyesha upande mwingine wa mti. Majani yaliziba mifereji ya paa. Zambarau zilipoiva zilidondoka humo, na maji ya tangi yakawa na rangi ya chai na harufu ya kuchacha. Mume wangu alipanda ngazi kila Jumapili kusafisha, wala hakulalamika.

Kilichonishinda mimi ni sola. Nilikuwa nimeitaka tangu zamani, na tulipoipata niliwaalika wanafunzi wa chama changu waje kuiona. Ilikuwa imebaki wiki mbili waje, na kuanzia saa saba mchana kivuli cha matawi ya mzambarau kilikuwa kinafunika paneli zote. Fundi aliyetuwekea, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alisimama uani akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hapa sola haitapiga kazi," alisema. "Tunaweza kupunguza matawi, lakini mti kama huu unarudi haraka. Ama tuhamishie paneli upande ule mwingine wa paa, ila itabidi tuanze upya vyuma vya kuzishikilia, na itachukua muda."

"Na tukiukata?"

"Ukikata, shida imeisha leo."

Mume wangu alikuwa kazini Athi River. Nilikuwa na simu mkononi na ningeweza kumpigia. Sikumpigia, kwa sababu nilijua angesema tuhamishe paneli. Nikamwambia fundi akate.

Aliita mtu mwenye msumeno wa injini, na kufikia alasiri mti ulikuwa chini. Ndege wadogo waliendelea kurukaruka juu ya ua pale matawi yalipokuwa, kama wanaotafuta pa kutua. Binti yetu alirudi kutoka shule, akasimama langoni na begi mgongoni. "Mama, si ulimwahidi yule shosho aliyetuuzia nyumba?" aliniuliza. Nilimwambia aingie ndani abadilishe nguo. Mume wangu aliporudi alilizunguka gogo mara moja, akaingia kuoga. 

Wanafunzi walikuja wakaandika kwenye madaftari yao jinsi taa zetu zinavyowaka kwa jua. Nilisimama na kisiki nyuma yangu nikiwaeleza.

Mwezi wa pili uliporudi, sebule ikawa tanuri. Tukanunua feni, na ikawa feni ndiyo inayokula umeme mwingi wa sola.

Kisha yule mama aliyetuuzia nyumba akapiga simu. Alikuwa amekuja Nairobi kliniki ya macho, akaomba apitie atusalimu. Nilipika kuku, nikafagia ua mara mbili. Alipoingia langoni, mimi na binti yetu tukimpokea, alisimama. Alikitazama kisiki, akaisogeza miwani yake mipya, akakitazama tena.

"Ulikuwa mgonjwa?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama anaulizia mtu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ulikuwa umeoza ndani. Tuliogopa utaangukia nyumba."

Akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Najua uliupenda. Hukuwa na la kufanya."

Alikaa nasi hadi saa kumi, akala vizuri, akambariki binti yetu. Mume wangu alimsindikiza hadi steji ya matatu. Mimi nilibaki nikiosha vyombo. Ningeweza kuvumilia kuaibika. Sikuweza kuvumilia kwamba yeye aliyekosewa ndiye aliyenipa pole, nami nikaipokea.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Mwishowe, Jumamosi moja asubuhi, nilimpigia simu nikamwambia yote: sola, wanafunzi, fundi aliyenipa njia nyingine nikaikataa, na uongo wangu. 

"Nilijua," alisema. "Nilikiona kisiki. Kilikuwa kizima hadi katikati."

"Sasa kwa nini ulinipa pole, mama?"

"Mtoto wako alikuwa amesimama hapo."

Nikaomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza kama kifua cha binti kimepata nafuu, nikamwambia kimepata. Akasema ana watu shambani wanaomngojea, tukaagana.

Jioni hiyo nilimweleza mume wangu niliyoyasema, na binti yetu akiwa anasikia. Mume wangu alinisikiliza, kisha akanipeleka nje akanionyesha kitu ambacho sikuwa nimekiona, kwa sababu nilikuwa nimezoea kutotazama upande ule. Kisiki kilikuwa kimechipuka. Machipukizi sasa yananifika kiunoni, na mimi ndiye ninayeyamwagilia. Miaka michache ijayo kivuli kitafika tena kwenye paneli. Tumekubaliana kuzihamisha kabla ya hapo. Fundi amekuja kupima mara mbili, na mara zote mbili nimemwona akinitazama kwanza kabla ya kusema lolote.