Njaa Niliyomtafsiria Dada Yangu

Maneno ya Kiingereza ya upungufu nilifundishwa sekondari, na kwa aibu yangu hayo ndiyo niliyoyashika kuliko mengine. "Scarce" ni kitu kilichoadimika, kama sukari wakati boti haziji. "Shortage" ni upungufu unaowapata watu wengi, na ofisini wanalipenda sana. "Lack" ni kukosa. "Destitute" ni fukara, mtu asiye na mbele wala nyuma. Hili la mwisho nililipenda kwa sababu wenzangu darasani hawakulijua. Nilizeeka nalo bila kupata pa kulitumia.

Mwaka juzi nikapata. Hoteli moja ya Utende, hapa kisiwani kwetu, huniita niwaongoze wageni wanaotaka kutembea kijijini. Safari ile walikuwa mume na mke, Wazungu, watu wazima wenye adabu, wakaomba kuona nyumba ya mkulima wa mwani. Nikawapeleka kwa dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki.

Dada alikuwa na habari tangu jana yake. Alichinja jogoo, akapika wali wa nazi na pweza, akafunika sinia kwa kawa na kutandika mkeka mpya. Wageni walipokaa akawanawisha mikono, akafunua sinia, akasema kama asemavyo kila mwanamke wa huku mbele ya mgeni:

"Mtusamehe jamani, leo hatuna kitu. Ni tonge tu la kudanganyia tumbo."

Kwetu hakuna asiyeijua kauli hiyo. Mtu akishapika mpaka akachoka, ndipo husema hana kitu. Mgeni humjibu, "Mbona umejisumbua hivi," kisha anakula. Nimeisikia tangu utotoni. Siwezi kusema sikujua.

Wageni wakanitazama. Ningeweza kusema karibuni mle, ikaisha. Lakini nilitaka waone kuwa mzee huyu wa kijijini amesoma. Nikasema, "There is a shortage of food in this house. My sister is destitute."

Yaani nyumba hii ina upungufu wa chakula, na dada yangu ni fukara. Nilisema hayo huku harufu ya jogoo ikinipanda puani.

Yule mama wa Kizungu akarudisha mkono aliokwisha kuunyoosha. Wakanong'onezana, kisha akaniambia hawawezi kula chakula cha watu wenye njaa.

"Wanasemaje?" dada akauliza.

"Wameshiba. Wamekula hotelini."

"Hata kuonja?"

"Hata kuonja."

Akalirudisha kawa taratibu. "Labda pweza amewatisha," akasema, akajaribu kucheka.

Kesho yake asubuhi gari la hoteli likashusha mlangoni kwake gunia la unga na dumu la mafuta. Dereva, kijana wa hapahapa, akasema kwa sauti, "Bibi, wageni wanasema poleni na njaa." Jirani mmoja akadakia, "Kumbe ule wali ulionukia jana ulikuwa wa kuazima?"

Dada akatuma niitwe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani kawaambia nina njaa?"

"Mimi."

"Kwa Kiswahili, mbele ya jirani zangu, ungethubutu?"

"Hapana, dada."

"Basi nenda kawaambie nina chakula. Sitaki waondoke wakinijua hivyo. Na mzigo wao uwarudishie."

Nikafunga gunia kwenye baiskeli, dumu nikalining'iniza kwenye usukani. Niliwakuta wakipakia mabegi kwenda uwanja wa ndege. Nikamwambia yule mama kwamba nilisema uongo. Nikamwambia dada ana shamba na minazi, ana mwani, ana kuku uani, na kwamba sinia lile lilikuwa heshima yao. Kiingereza kilinitoka safi, sikutafuta neno hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga, akanishika mkono. Akasema dada yangu ni mwanamke anayejiheshimu, na maskini wenye kujiheshimu ndivyo walivyo, huona haya kusaidiwa. Akaniomba nimrudishie unga na nimbembeleze aupokee. Kila nilipokana, alizidi kumhurumia. Gari likaondoka.

Nilirudi na gunia lilelile na dumu lake. Adhuhuri ilikuwa imekaribia, dada yuko uani anapakua.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wameamini?"

Uongo mwingine ulinijia mdomoni, mwepesi kuliko ule wa kwanza. Nikaumeza. "Hapana, dada."

Akalitazama gunia, kisha akanitazama mimi. "Lipeleke kwako," akasema. "Mimi nyumbani kwangu halilali."

Akainua sahani akaingia nazo ndani. Tangu nipate akili sijawahi kutoka nyumba ile wakati wa chakula bila kuambiwa kaa ule, hata siku tulizogombana. Niliisukuma baiskeli polepole hadi barabarani, nikisimama kukaza kamba ambayo haikuwa imelegea, ili kama ataniita nimsikie. Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia vijiko, nikasikia wajukuu wake wakiambiwa wasogee, halafu nikaendelea na safari yangu.