Kompyuta Isiyofumba Jicho

Mwalimu wa fizikia akisimulia kisa hiki hujiita mjinga kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kumwita. Anasema huo ni uungwana. Mkewe anasema ni kukwepa.

Nyumba yao ina meza moja ya maana, ile ya sebuleni, chini ya dirisha. Upande wa kushoto hukaa cherehani cha umeme cha mkewe, ambaye hushonea watu nguo. Upande wa kulia ni himaya ya mwalimu: kompyuta yake ya mapajani na kipanya kipya kisicho na waya. Kwa kuwa hufundisha zamu ya mchana, asubuhi huandaa somo hapo mpaka saa tatu. Kisha huifunga kompyuta na kuichomoa kwenye umeme, maana aliwahi kusikia mahali kwamba chaji nyingi inaua betri, na jambo akilisikia mara moja kwake huwa sheria. Halafu hutoka uani kusahihisha madaftari.

Kompyuta iliyofungwa inatakiwa ilale. Ya mwalimu ikaanza kukataa. Akifika darasani, akiifunua mbele ya wanafunzi arobaini na watatu, kioo cheusi tii. Betri ilishakwisha nyumbani. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili aliwaambia wanafunzi kuwa lile ni jaribio la uvumilivu. Siku ya tatu msichana mmoja wa nyuma akajitolea kumchorea mchoro ubaoni, akauchora vizuri kuliko yeye.

Kwenda kwa fundi hakutaka. Aliwahi kutengeneza pasi ya jirani, na tangu siku hiyo kichwa kimevimba. Akaingia kwenye mipangilio, akakuta imeandikwa wazi kwamba kifuniko kikifungwa mashine ilale. Akabadilisha, akarudisha. Akafuta programu saba, mojawapo ikiwa ile anayochapia mitihani. Akapanguza kingo za kifuniko kwa pamba na spiriti. Mwisho akafungua daftari maalumu, akaandika siku na saa ya kila kuamka, kama zilivyohifadhiwa na kompyuta yenyewe, kwa muda wa wiki mbili, kwa mistari iliyopigwa rula.

Daftari likasema kitu: kompyuta huamka siku za kazi, Jumapili hulala. Mtu mwenye akili angejiuliza ni nini hakifanyiki Jumapili. Mwalimu alijiuliza ni nani. Mapacha wao wako shule ya bweni, na nyumbani wamebaki wawili. Jumapili yeye hushinda sebuleni, siku nyingine huwa uani. Basi akaona jibu amelipata.

Jumanne aliingia sebuleni akamkuta mkewe amepiga magoti, anabana pindo la gauni la mteja aliyesimama katikati ya chumba.

"Mama Pacha, naomba uache kuifungua kompyuta yangu."

Mkewe alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja. "Sijaigusa, Baba Pacha."

"Kwa hiyo inaamka yenyewe?"

"Inaamkaje mimi sijui. Mimi sijaigusa."

"Sisi ni watu wazima. Kama unanipekua, sema tu."

Mteja akaanza kuitazama dari kwa makini sana. Mkewe alimaliza pindo, akamsindikiza mgeni wake hadi mlangoni, akakifunga cherehani kwenye shuka, akaenda nacho kwa wifi yake, dada wa mwalimu, mtaa wa pili, awe anashonea huko. Hakugomba. Jioni chakula kilikuwepo, shati lilikuwa limepigwa pasi, ila alimwita "Mwalimu", kama wanavyomwita watu wa barabarani. Miaka ishirini na moja ya ndoa hakuwahi kumwita hivyo, na jina hilo lilimchoma.

Na kompyuta ikalala. Jumatano fofofo, Alhamisi fofofo. Angependa kusema kwamba ushahidi ule ulimsononesha. Wapi! Alitembea kifua mbele siku mbili nzima.

Ijumaa asubuhi dada yake akaja na mkewe, wamesaidiana kubeba cherehani.

"Kaka, una nini wewe?" dada alisema, akikitua mezani. "Mwenzio anashona huku analia. Gauni la watu linachukuliwa leo, amalizie kwake." Akaondoka bila hata kukaa.

Mwalimu akaamua kulinda. Aliifunga kompyuta, akavuta kiti, akajificha nyuma ya gazeti. Taa ndogo ya pembeni ikawa inafifia na kuwaka taratibu, ishara kuwa mashine imelala. Mkewe akakanyaga cherehani. Meza ikatikisika, mkasi ukalialia, na kipanya kikaanza kujongea chenyewe, kidogo kidogo. Taa ikaacha kufifia. Feni ikavuma. Kompyuta ilikuwa macho, na mikono yote miwili ya mkewe ilikuwa juu ya kitambaa.

Alikihamishia kipanya kwenye kiti, akailaza kompyuta upya, akamwomba ashone tena. Ikaendelea kulala. Akakirudisha mezani, ikaamka. Alirudia mara nne, akiomba angalau mara moja igome. Chini ya kipanya kulikuwa na swichi ya kukizimia, ambayo hakuwahi kuigusa tangu akinunue. Na somo la mchana ule, lililokuwa ndani ya kompyuta hiyohiyo, lilikuwa mitetemo na jinsi inavyosafiri. Michoro alichora mwenyewe.

Mlango ukabishwa, mteja amefuata gauni lake. Mwalimu angeweza kungoja aondoke, na moyo wake ulimshauri hivyo kwa nguvu zote. Lakini mbele ya mama huyu ndipo alipompaka mkewe matope.

"Mama, Jumanne nilimsingizia mke wangu ukisikia," alisema. "Hakugusa kitu. Kosa ni langu."

Mteja akapokea gauni, akashukuru, akatoka mbio mbio. Mwalimu akamgeukia mkewe. "Mama Pacha, nisamehe."

Mkewe alikuwa anaokota nyuzi sakafuni. "Hiyo mashine ulikaa nayo wiki mbili. Umeipanguza, umeipekua, umeiandikia na daftari. Mimi hukuniuliza hata swali moja. Ulikuja na jibu."

Maelezo ya kisayansi yalikuwa yamemjaa mdomoni. Aliyameza. Akasogeza kiti karibu na cherehani.

"Uliumia?"

"Sana." Akaketi, nyuzi bado mkononi. "Umeishi na mimi miaka ishirini na moja. Ilikuchukua muda gani kuamini kwamba mimi ni mwongo?"

Mwalimu alijua ilimchukua muda gani. Muda wa kupiga mstari mmoja wa rula daftarini, basi. Saa ya kwenda shuleni ikafika, ikapita, naye alikuwa bado amekaa pale, akitafuta namna ya kumwambia.