Taa ya breki pad iliwaka tukitoka Usinge, na ndugu zangu wote wamo garini

Wakuu, salaam kutoka Tabora mjini.

Nimesoma humu mtu akiuliza kama sensor za breki pad ni za kuaminika. Nusu ya waliojibu wanamwambia akate waya, aunge, maisha yaendelee. Nimeona nieleze yaliyonikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni dada, mkubwa wa wanne. Wazazi walitutoka nikiwa kidato cha pili, nikaacha shule, nikashika jembe na baadaye biashara ya asali. Nanunua Usinge, nauza mjini. Wadogo zangu wanafuatana hivi: Shija, Neema, na kitinda mimba wetu Emanueli.

Gari langu ni la Ulaya, mtumba. Jina silitaji, tusije tukagombana.

Sasa hiyo sensor ni nini? Ni kiwaya kilichofichwa ndani ya pad. Pad ikilika mpaka karibu na mwisho, diski inakila na chenyewe, kinakatika, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Basi. Kinajitoa kafara mara moja tu, baada ya hapo unaweka kipya.

Nilipolinunua gari, fundi wangu wa mjini, Maganga, alikuta waya zimekatwa, zimesokotwa pamoja na kufungwa solotepu nyeusi. Akafurahi kabisa.

"Dada mkubwa, wamekurahisishia. Hiyo taa haitakusumbua mpaka uzeeke."

Nikamwambia, "Fundi, ukimfunga mbwa mdomo, mwizi hajaondoka. Niwekee nyingine."

Alicheka, lakini akaagiza Dar, ikaja na basi, akaifunga.

Tuje kwenye siku yenyewe. Emanueli alikuwa anaanza masomo ya upadri seminari ya Kipalapala, huku kwetu Tabora, na alitakiwa kuripoti kabla ya jua kuzama. Nilikuwa nimejiapia kwamba siku hiyo tutamfikisha getini sote wanne, maana mama hakujaliwa kuiona siku hiyo. Asubuhi tukapitia kwanza Usinge kwenye makaburi ya wazazi, tukasali, tukageuza.

Tumeshaipita Kaliua, taa ikawaka.

Nikapunguza mwendo. Shija, aliyekaa mbele, akaichungulia.

"Dada, hiyo ni taa ya urembo. Breki si zinashika?"

"Zinashika."

"Sasa?"

Neema akadakia kutoka nyuma, "Mwache. Dada anaogopa taa kuliko trafiki."

Wakacheka. Emanueli hakucheka, alikuwa anaangalia saa.

Nikaenda polepole hadi Urambo, nikatafuta fundi wa barabarani. Akachuchumaa, akamulika kwa simu kupitia matundu ya rimu.

"Pad nene hii, kama kitumbua! Nendeni zenu. Kama taa inakukera nikukatie waya, dakika tano tu."

Wakuu, hapo wote watatu wakanigeukia. Nilijua tukifungua tairi tunachelewa. Pia nilijua kila nilichobaki nacho duniani kimo ndani ya gari lile.

"Fungua tairi."

Shija akaguna. Fundi akaguna zaidi.

Akafungua la mbele kushoto. Pad ya nje kweli ilikuwa nene, hakudanganya. Akachomoa ya ndani, ile yenye sensor.

Ilikuwa imebaki ngozi. Bado kidogo tu chuma kikutane na chuma. Pini za kaliper, kile kibanio cha pad, zilikuwa zimeganda kwa vumbi, kwa hiyo pad ya ndani ilikuwa inafanya kazi ya wawili, na mwenzake wa nje amenenepa tu.

"Aisee," akasema. "Dada, samahani. Sisi huwa tunaangalia ya nje."

Nikamwambia afungue na upande wa kulia. Kule gari langu halina sensor kabisa. Pad za kule zilikuwa nzima, lakini ningejuaje bila kufungua?

Pad za gari lile Urambo hazikuwepo. Nikampigia Maganga, akazituma kwa basi dogo, Costa. Tukasubiri, tukala mahindi ya kuchoma. Emanueli akapiga simu seminarini kueleza, wakamwambia aje tu salama. Fundi akasafisha pini, akapaka grisi, akafunga pad mpya. Sensor mpya haikupatikana, akauliza tena kama aunge waya. Nikamwambia aiache taa iwake.

Tumekaribia Tabora, jua linaelekea kuzama, ng'ombe wakamwagika barabarani kutoka kichakani. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likasimama, ng'ombe mmoja akalamba boneti.

Shija akaichungulia tena taa ya njano.

Kisha akasema taratibu, "Kweli dada, ni taa ya urembo."

Neema akamzaba kofi la kisogo, tukacheka mpaka machozi.

Getini tulichelewa, lakini tulifika wanne.

Nilichojifunza ni hiki: ile sensor ikisema, isikilize, na usikubali fundi aliyechungulia pad ya nje tu. Lakini ikikaa kimya usilale. Inaongea kwa niaba ya pad moja, na huenda aliyekuuzia gari alishaiziba mdomo. Fungua tairi uone kwa macho.

Mimi kale kawaya nakaheshimu sana. Kile kilichokatika nilimwomba fundi, nikakitundika kwenye kioo cha ndani, na Maganga siku hizi ananiita Mama Sensor.

Haya wakuu, nyie mnaounga waya, hebu niambieni: mlifungua tairi kwanza?