Kinyota Kilichomwambia Baba

Mpaka leo nikipita nje ya ile skuli ya Ng'ambo najifunika mtandio uso mzima kama niliyeiba kuku, maana kuna watu mtaa ule wanaojua kwamba nina mba kichwani na wanajua pia kwamba nilimdanganya baba yangu, na yote hayo nilijitangazia mwenyewe, kwa spika, mchana kweupe.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Baba alikuwa fundi wa kanzu mpaka macho yakamwishia, na sasa tunakaa wawili tu, kwani dada yangu Salma ameolewa Chwaka. Basi nikamtengenezea baba programu ya kumsomea vitabu kwa sauti. Nisikilizeni kidogo hapa, wala si jambo gumu: kwenye kompyuta yangu kila programu imefungiwa chumbani mwake, hairuhusiwi kugusa kitu cha nje, na sauti yenyewe hutolewa na mtumishi mmoja anayefanya kazi nyuma, humwoni, lakini yupo. Programu ikitaka kusomewa kitu humpenyezea kikaratasi dirishani, naye hutazama orodha yake, aliyemo humsomea na asiyekuwemo humrudisha. Mimi nilitakiwa kuandika jina la programu yangu kwenye orodha ile, basi.

Nikaandika, ikakataliwa. Nikaandika tena, ikakataliwa. Na ilikuwa asubuhi ya siku yenyewe ya kuionesha mbele ya jumuiya ya wasioona, baba ameshavaa kanzu yake ya Idi, ananiita mlangoni, "Mwanangu, tutachelewa!" Nikaona liwalo na liwe, nikafuta jina nikaweka nyota. Kinyota kimoja, maana yake yeyote atakayekuja dirishani apokewe. Ikasoma! Tukaondoka mbio.

(Nilichosahau ni kwamba zamani niliziambia programu ya meseji na ile ya kunikumbusha mambo zinisomee kwa sauti, zikawa zinarudishwa dirishani kila siku, kimya kimya, nami sikuzikumbuka tena.)

Ukumbi wa skuli ulijaa. Mwenyekiti wao, Bi Mwanakombo, akanikaribisha, nikamwamkia, "Shikamoo Bi," akaitikia, "Marahaba, haya tusomee." Baba amekaa mstari wa mbele. Nikaunganisha spika, nikaunganisha intaneti, hadithi ya sungura ikaanza, watu wakatulia, baba anatabasamu kama yeye ndiye aliyeitunga. Mara sauti ile ile, bila hata kupumua, ikasema: "Kumbusho. Dawa ya mba. Chupi nne, zisiwe za mpira mkali."

Jamani! Ukumbi mzima ulicheka. Nikaifunga haraka ile programu ya kunikumbusha, lakini wapi, vikaratasi vyake mtumishi alishavipokea, akaendelea kuvisoma kimoja kimoja kwa utulivu wake. Nabonya hiki nabonya kile, nikasikia: "Meseji kutoka kwa Salma. Umeshamwambia baba ukweli? Mwambie kazi ya Dar ulipewa, ukaikataa kwa ajili yake. Masikini, kila alfajiri anakuombea dua uipate, nawe unamwangalia tu."

Hapo ndipo nikang'oa waya wa spika. Hapo!

Hakucheka mtu. Baba tabasamu lilimtoka, akawa anapapasa ncha ya kanzu yake kama anatafuta mshono ulioachia. Nami nimesimama na waya mkononi. Kisha akasema, taratibu, "Endelea na hadithi, mwanangu. Watu wanasubiri."

Nikaisoma kwa mdomo wangu mwenyewe mpaka mwisho, nikikosea kila mstari. Bi Mwanakombo wakati wa kuaga alinishika mkono, akaninong'oneza, "Zile za mpira mkali kweli hazifai." Nikacheka huku nalia.

Nikamwongoza baba mpaka nyumbani. Akakaa kwenye kiti chake, akaniita.

"Naam, baba."

"Kumbe miezi yote hii nnaomba kitu ulichokwisha kupewa?"

"Nisamehe, baba. Niliogopa, nani atakayekuanga..."

"Mimi sioni," akanikatiza, "lakini kuulizwa naweza. Umeniamulia kama mtoto mchanga."

Nikakaa chini miguuni pake, akaniwekea mkono kichwani (kwenye mba hiyo hiyo), tukakaa hivyo hivyo mpaka ikaadhiniwa Magharibi. Aliporudi kutoka msikitini akaniambia niwaandikie wale watu wa Dar niwaulize kama nafasi ipo bado. Nikawaandikia. Wakajibu kwa adabu kwamba wameshapata mtu.

Ile nyota niliifuta siku ile ile. Kumbe jina nilikuwa nimekosea herufi moja tu! Nimeapa sitaiweka tena hata nikichelewa harusi yangu mwenyewe. Na nimeapa jambo la pili, kwamba linalomhusu baba alisikie kwangu, tena alisikie mwanzo.

Wiki iliyopita niliitwa kwenye usaili mwengine, Dodoma. Nilimwambia kabla ya Salma, kabla ya mtu yeyote. Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, kisha akaniuliza kama huko kuna baridi.